Nadharia za Uvutano Katika Mizani

Embe likiiva huanguka chini. Juu ya hilo hakuna mabishano. Mabishano ya wataalamu wa fizikia ni haya: je, kanuni iliangushayo embe ndiyo hiyo hiyo itawalayo huko mbali kwenye makundi ya nyota?

Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza kwamba uvutano ni kupindika kwa nafasi na wakati. Lakini mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani walitangaza vipimo vya kundi la nyota liitwalo Andromeda. Pembezoni mwake mwendo ulikuwa mkubwa mno, hata uvutano wa vitu vinavyoonekana usingetosha kuvizuia visitawanyike.

Zikazuka kambi mbili. Wengi walisema iko maada ya giza, isiyoonekana kwa macho wala kwa darubini. Wengine, akiwamo Mordehai Milgrom wa Israel mwaka 1983, walisema hakuna kilichofichika, bali kanuni yenyewe yataka kurekebishwa. Mwaka 2004 Jacob Bekenstein aliliundia wazo hilo nadharia kamili.

Kesi ya namna hii haiamuliwi kwa wingi wa kura. Kila nadharia hutakiwa kutamka mapema litakalotokea, kisha hungojewa. Einstein alikuwa amesema kwamba mawimbi ya uvutano huenda sawa na nuru. Nadharia kadhaa mpya, ikiwamo ya Bekenstein, zilitabiri mwendo tofauti.

Jibu lilikuja tarehe 17 Agosti, 2017. Mitambo ya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia ilinasa mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Sekunde 1.7 baadaye, setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa mionzi ya gama, ambayo ni jamaa ya nuru. Safari ya miaka ipatayo milioni 130, na wasafiri wakapishana kwa sekunde zisizotimia mbili! Nadharia kadhaa zikaanguka, na ile ya Bekenstein, kama alivyoiandika mwanzoni, ikiwamo.

Hata hivyo, usidhani kesi imekwisha. Wazo la Milgrom lingali na watetezi, na maada ya giza haijathibitishwa kunaswa katika maabara yoyote. Wala Einstein hasamehewi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana nadharia isifiwayo kuliko zote huendelea kupimwa kuliko zote.