Kuchagua Waya wa Gari

Kila apandaye gari huona magurudumu na husikia mvumo wa injini, lakini ni wachache wafikiriao nyaya zilizofichwa chini ya boneti. Nyaya hizo ndizo zipelekazo umeme kutoka katika betri mpaka kwenye taa, honi na stata, yaani chombo kile kinachoizungusha injini ili iwake. Zikichakaa hazina budi kubadilishwa, na hapo ndipo akili ya fundi inapojaribiwa.

Nilimjua dereva mmoja mwenye gari la mizigo. Waya wa taa zake za mbele ulipoharibika, alikumbuka kipande cha waya kilichobaki alipotia umeme katika nyumba yake. Akasema moyoni, "Waya ni waya, ya nini kupoteza fedha dukani?" Akaufunga kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye taa. Taa zikawaka vema, naye akafurahi. Miezi michache baadaye, alipokuwa akiteremka mlima usiku, taa zote mbili zilizimika ghafula. Akakanyaga breki, gari likasimama hatua chache tu kutoka ukingo wa korongo, na moshi ukafuka chini ya boneti. Akaruka upesi, akaung'oa waya kwenye betri kabla moto haujaenea.

Je, kosa lake lilikuwa nini? Ajuaye kuchagua waya hutazama mambo manne.

Jambo la kwanza ni mzigo. Mtoto akitwikwa gunia la mtu mzima hutoka jasho, huyumba, kisha huanguka. Vivyo hivyo waya mwembamba ukipitishwa umeme mwingi hupata moto. Wingi wa umeme upitao hupimwa kwa ampea. Nawe utaupata ukigawanya wati kwa volti. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Kwa umeme wa nyumbani wa volti 230, mzigo huo haufiki hata nusu ya ampea. Lakini betri ya gari ina volti 12 tu, kwa hiyo wati zile zile huhitaji ampea 9 na zaidi. Nayo stata huweza kuvuta ampea 100, hata zaidi ya 200, kwa muda mfupi. Ndiyo sababu waya wake ni mnene kuliko wote.

Jambo la pili ni urefu. Kila waya huuzuia umeme kidogo, na kizuizi hicho huitwa ukinzani. Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani, aliieleza kanuni yake mwaka 1827. Waya ukiwa mrefu, ukinzani huzidi. Ukiwa mnene, hupungua. Unene hupimwa kwa eneo la shaba ionekanayo waya ukikatwa. Waya wa milimita 1 ya mraba, wenye urefu wa mita 4, ukipitisha ampea 9 hupoteza volti 0.6 hivi. Ule wa milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 0.25 tu. Kinachopotea hugeuka joto, na taa hufifia.

Jambo la tatu ni shaba yenyewe. Waya wa dereva yule ulikuwa na uzi mmoja mgumu. Nyumbani waya hulala ukutani bila kutikiswa, bali garini hutetemeka daima. Na uzi mmoja ukipindwa mara nyingi hukatika. Waya wa gari huwa na nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Tena, ziko nyaya za bei nafuu zilizo shaba kwa nje na alumini kwa ndani. Alumini hupitisha umeme kwa kadiri ya sita katika kumi ya shaba. Kwarua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, si shaba tupu.

Jambo la nne ni ganda. Ganda la waya wa kawaida wa nyumbani hustahimili joto la nyuzi 70 za sentigredi, na karibu na injini joto huweza kupita hapo. Ziko nyaya za gari zistahimilizo nyuzi 105, na nyingine 125. Ganda la dereva wetu lililainika, likachubuka, na shaba ikagusa bati. Kwa kuwa bati la gari ndilo njia ya umeme kurudi katika betri, umeme ulirudi kwa mkupuo bila kufika kwenye taa, na waya ukaungua.

Hata waya mwema huhitaji mlinzi, naye ni fyuzi. Ikae karibu na betri, maana sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi. Ampea zake zizidi mzigo kidogo, wala zisizidi uwezo wa waya. Kwa taa zile, waya wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi ya ampea 15 vingalitosha. Na mahali waya upitapo katika tundu la bati, sharti tundu livikwe mpira.

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Shambani neno hilo ni kweli. Lakini chini ya boneti, asiyechagua waya si fundi.

Maswali

1. Kwa nini taa za gari huhitaji ampea nyingi kuliko taa za nyumbani zenye wati zile zile?
2. Honi ya wati 60 hutumia ampea ngapi katika gari lenye betri ya volti 12?
3. Eleza makosa ya dereva yule.
4. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri?