Mwandishi Anayelemewa Asiachwe Peke Yake

Ni nani kati yetu hajawahi kurudishiwa insha iliyojaa wino mwekundu, akaifunika upesi jirani asiione? Mimi nimefanya hivyo tangu kidato cha kwanza. Nilidhani najisitiri, kumbe najimaliza!

Shida hii haiishii shuleni. Mwaka wa 1970, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, Marekani, kilifungulia milango kila aliyemaliza sekondari jijini humo. Waliingia wengi kutoka jamaa maskini, na kwa baadhi yao kuandika kulikuwa mlima. Basi wakawekewa madarasa ya ziada ya uandishi. Mwalimu wao mmoja, Mina Shaughnessy, alichunguza insha 4,000 hivi, na mwaka wa 1977 akatoa kitabu kueleza kwamba makosa yale hayakuwa ujinga. Yalikuwa na sababu: mwandishi alikuwa mgeni katika lugha ya chuo, kama bibi harusi anayejifunza desturi za ukweni.

Je, mgeni hufunzwa na nani? Si na watu anaoishi nao? Kenneth Bruffee wa Brooklyn College, tawi la chuo kikuu hicho, aliona kwamba wanafunzi waliokwepa msaada wa walimu waliupokea kwa wenzao. Mwenzako akisema, "Hapa sijakuelewa," hakupi alama. Anakukumbusha kuwa unaandikia mtu. Naye akikueleza kosa lako, hulitambua lake.

Kuwatenga wanaolemewa nako huwavunja moyo. Ndiyo maana mwaka wa 2007 chuo kimoja cha umma huko Baltimore kilianza kuwachanganya na wengine katika darasa la kawaida, kisha wao wakabaki na mwalimu yule yule kwa kipindi cha ziada. Waliofaulu wakazidi wale wa utaratibu wa zamani.

Muhula huu nilijipa moyo, nikampa rafiki insha yangu kabla ya mwalimu. Alicheka, si mchezo! Lakini alinionyesha aya mbili zilizosema jambo moja.

Hoja yangu ni hii: chama chetu kitenge nusu saa kila wiki tusomeane insha, hodari na anayejikokota pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wino mwekundu ungalimo daftarini mwangu, ila siufuniki tena.