Tukuyu Haipatikani Gazetini

Mkazi wa Rungwe akitafuta jina Tukuyu katika magazeti ya enzi za Wajerumani yaliyowekwa mtandaoni, ataambulia patupu au vijihabari vichache. Enzi hizo mji huo uliitwa Neu-Langenburg. Mhehe naye atafute Quawa, kwani ndivyo Wajerumani walivyozoea kumwandika mtawala wao Mkwawa. Gazeti lenyewe lipo. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1899 na kuendelea hadi 1916, limewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Berlin, na kulisoma ni bure.

Wengi hudhani kazi kubwa ni kupiga picha kurasa. Kweli inahitaji uangalifu. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mbao lenye tindikali, hivyo hugeuka njano na kukatika kwenye mikunjo. Ndiyo maana kamera huwekwa juu yake, wala ukurasa haukandamizwi kwenye kioo. Picha ikiwa na nukta 300 hadi 400 kwa inchi, herufi ndogo husomeka.

Ugumu unakuja baadaye, pale programu inapogeuza picha kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa. Wino uliofifia huifanya ione herufi c mahali penye e, na Mbeya ikawa "Mbcya". Safu mbili zikikaribiana, huunganisha habari ya bei ya kahawa na tangazo la msiba. Ukurasa unaonekana vizuri kwa macho, lakini anayeutafuta kwa jina haupati kamwe.

Hata bila kosa la mashine, majina yenyewe yana tahajia zaidi ya moja. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa siku ya Krismasi mwaka 1971 huko Ismani. Wengine huandika Isimani. Faharasa isiyounganisha tahajia hizo mbili inamnyima mtafiti nusu ya habari. Tena kuna Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, lililopokea barua na habari kutoka wilayani. Humo mna majina ya vijiji na watemi ambayo mtu wa mbali hawezi kujua ni ya wapi.

Orodha ya kuunganisha majina hayo na tahajia zake haiwezi kuandaliwa Berlin. Wanaoiweza ni wazee wa Kalenga na Rungwe, wakikaa na wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na vyuo vya Mbeya. Naona hapo ndipo fedha za miradi ya namna hii zingeanzia, kabla ya kununua mashine nyingine.

Nawe mwenye magazeti ya baba au babu sandukuni, usiyabandike selotepu wala kuyapiga lamineti. Yalaze bapa, mbali na moshi wa jikoni, kisha uiarifu maktaba ya mkoa kabla hayajaishia kufungia maandazi.