Utata wa Majina na Dhima ya Aina katika Lugha ya Haskell

Neno paa likitajwa peke yake, msikilizaji hajui kama ni mnyama au ni sehemu ya nyumba. Lakini asemaye "paa huyu" au "paa hili" amekwisha kuutatua utata huo kwa upatanisho wa kisarufi. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba lugha za programu za kifanksheni zina tatizo linalofanana na hilo, ingawa utatuzi wake si mwepesi hivyo.

Tuchukue Haskell, ambayo ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1990. Humo kila thamani ina aina, nayo kompaila mara nyingi huing'amua aina hiyo bila kuambiwa. Alama ya kujumlisha hutumika kwa namba kamili na kwa desimali pia kwa kuwa imewekwa katika ngeli ya aina (istilahi ya ngeli inafaa sana hapa), mbinu iliyopendekezwa na Philip Wadler na Stephen Blott mwaka 1989.

Ugumu umo katika rekodi. Tuseme rekodi ya Mwanafunzi na ya Kitabu kila moja ina uga uitwao namba. Kwa kanuni za Haskell 98 nyuga hizo haziwezi kukaa katika moduli moja, kwani kila uga ni fanksheni. Kwa nini basi aina isiamue? Kwa sababu mtu akiandika "namba x" bila kueleza x ni nini, kompaila hulitegemea jina namba ili ijue aina ya x. Na aina hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kuonyesha ni namba ipi. Hapa hakuna "huyu" wala "hili".

Kompaila ya GHC, katika toleo la 8.0 la mwaka 2016, iliruhusu aina iliyoandikwa itatue utata huo. Kanuni zake zilikuwa ngumu kutabirika, na toleo la 9.4 la mwaka 2022 likauondoa utatuzi huo kwa uga unaotumiwa kama fanksheni. Nukta, yaani "x.namba", ilikuwa imeletwa na toleo la 9.2 mwaka 2021. Kwayo uamuzi huahirishwa mpaka aina ya x ijulikane.

Idris imefuata njia nyingine, ambayo kwa maoni yetu ni nyoofu zaidi: kila fanksheni ya ngazi ya juu sharti itangaziwe aina. Kwa hiyo jina Nil hutumika kwa orodha ya kawaida na kwa orodha yenye urefu maalumu, na aina iliyotangazwa huchagua lipi limekusudiwa.