Mvua ya Saa Tisa Alasiri: Jinsi ya Kufuatilia Radi za Mlima Kenya

Msimu wa mvua ndefu, anayetaka kuuona Mlima Kenya akiwa Nyeri mjini sharti aamke mapema. Alfajiri vilele vya Batian na Nelion mara nyingi huwa wazi. Saa nne asubuhi mawingu ya kwanza yameshika miteremko, adhuhuri mlima umefichika, na alasiri ngurumo huanza kusikika upande wa Karatina, Othaya au Naro Moru. Wapanda mlima wanaijua ratiba hii vizuri. Wanaokwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, huondoka kambini usiku wa manane ili wawe wameanza kuteremka kabla mawingu hayajakusanyika. Kwamba itanyesha mahali fulani, hilo halina ubishi. Swali ni mahali gani na saa ngapi, na hapo ndipo watu wengi hugombana na utabiri.

Kuanzia Machi hadi Mei, ukanda wa mvua unaofuata jua huvuka ikweta kuelekea kaskazini. Pepo za kaskazi zinapungua, za kusi zinaingia, na unyevu wa Bahari ya Hindi unasukumwa bara. Wakulima wa Kikuyu huiita mvua hii ya njahi, na ile ya Oktoba hadi Desemba ya mwere, kwa majina ya mazao yake. Unyevu huo ukifika mlimani hukuta miteremko iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Hewa yenye joto hupanda ikiufuata mlima, na kila inapopanda hupoa. Mvuke hugeuka matone, na katika kugeuka huko hutoa joto linalolisukuma wingu juu zaidi. Wingu la radi la nchi za tropiki linaweza kupita kilomita 15 kwenda juu, karibu mara tatu ya urefu wa mlima wenyewe.

Radi huzaliwa katika sehemu ya wingu yenye baridi kali. Huko chembe nyepesi za barafu hugongana na punje nzito za barafu laini. Zile nyepesi hupanda na chaji chanya, zile nzito hubaki chini na chaji hasi. Tofauti ikizidi, umeme huruka, ndani ya wingu au hadi ardhini. Njia unayopita hufikia takriban nyuzi 30,000 za selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyopashwa ghafla namna hiyo hutanuka kwa kishindo, nacho ndicho ngurumo.

Mwinuko huohuo ndio unaowaletea watu wa milimani mvua ya mawe ambayo watu wa Pwani hawaijui. Karibu na ikweta, hewa hufikia baridi ya kugandisha maji kwenye kimo cha karibu mita 5,000. Jiwe la barafu likidondoka kutoka hapo kuelekea Mombasa lina kilomita tano za hewa ya joto za kuliyeyusha. Likidondokea Nyeri, mji ulioko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, lina kilomita tatu na kidogo tu, na mara nyingine hufika chini likiwa bado gumu. Kwa mkulima wa chai wa Othaya au Tetu, dakika kumi za mawe humaanisha machipukizi yaliyochanika na wiki kadhaa za kusubiri mengine. Mwezi Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, ardhi ilifunikwa na barafu nyeupe hata watu wakaamini imeanguka theluji. Ilikuwa mvua ya mawe.

Basi kwa nini utabiri usitaje kijiji? Sababu ya kwanza ni mlima wenyewe. Miteremko ya kusini-mashariki, inayoelekea baharini juu ya Embu na Chuka, hupata hadi milimita 2,300 kwa mwaka, ilhali upande wa kaskazini hupata kama 900. Naro Moru na Nanyuki zimo katika kivuli cha mvua. Lakini katika taarifa ya kila siku ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kaunti zote zinazouzunguka mlima huwekwa katika kundi moja, Nyanda za Juu Mashariki mwa Bonde la Ufa, pamoja na Nairobi. Sentensi moja inamhudumia mchuuzi wa Chuka na mfugaji wa Naro Moru.

Sababu ya pili ni udogo wa radi. Kompyuta za utabiri huigawa anga katika miraba, na hata mfumo mkuu wa Ulaya unaosifiwa duniani hutumia miraba ya takriban kilomita tisa. Wingu moja la radi linaweza kutoshea ndani ya mraba mmoja, likazaliwa na kufa kwa muda usiofika saa nzima. Ni kama sufuria ya githeri motoni: unajua itachemka, lakini huwezi kusema povu la kwanza litaibukia wapi.

Kwa hiyo utabiri husomwa kwa ngazi. Utabiri wa msimu, unaotolewa na Idara na ICPAC, kituo cha kikanda cha tabianchi, humsaidia mkulima kuchagua mbegu na tarehe ya kupanda. Hauwezi kumwambia kama Alhamisi aanike kahawa. Utabiri wa wiki wa kaunti humsaidia kupanga kunyunyiza dawa na kuweka mbolea. Utabiri wa saa 24 ndio unaotaja radi, na lugha yake ina vipimo. “Sehemu chache” ni chini ya asilimia 33 ya eneo, “sehemu kadhaa” ni kati ya 33 na 66, na “sehemu nyingi” ni zaidi ya hapo. Ukisikia “ngurumo na mvua alasiri katika sehemu chache”, na kwako kusinyeshe, utabiri haukudanganya. Sehemu kubwa ya eneo ilitarajiwa kubaki kavu.

Tahadhari nazo zina hesabu zake. Mara nyingi zimetaja mvua inayozidi milimita 20 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, hivyo milimita 20 juu ya paa la mita mraba 100 ni lita 2,000. Zikija taratibu usiku kucha, ni neema kwenye tangi. Zikimwagika kwa nusu saa juu ya mteremko ambao udongo wake umeshiba, huleta maporomoko. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini.

Ngazi ya mwisho ni saa moja kabla ya radi. Setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2022 hupiga picha ya Afrika kila dakika kumi na kubeba chombo cha kunasa miale ya radi. Aliye shambani ana macho na masikio yake. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, ugawe kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Zikiwa 30, radi iko kilomita kumi, na huo ni umbali inaoweza kuuruka. Upepo wa baridi ukivuma ghafla, ni hewa inayoshuka pamoja na mvua. Wachumaji chai waondoke shambani, watoto watoke uwanjani, na mifugo isikingwe chini ya mti, kwani umeme ukipiga mti husambaa ardhini na kupitia miguuni. Ingia nyumbani au ndani ya gari, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kuna jambo moja ambalo wakazi wenyewe wanaweza kurekebisha. Idara ina vituo vikuu Nyeri, Embu na Meru, lakini kati ya vituo hivyo kuna mabonde na matuta mengi ambako mvua hunyesha bila kupimwa, na huko Idara hutegemea shule na wakulima wanaojitolea kuipima. Shule, kiwanda cha chai au chama cha ushirika kinaweza kuweka kipimamvua mahali wazi, kikisome kila siku saa tatu asubuhi, na kupeleka hesabu kwa mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti. Anayetaka utabiri wa kijiji chake aanze kwa kuipima mvua ya kijiji chake.