Je, Wajua? Taa Inawaka, Kompyuta Haioni Kitu

Waya unaochaji simu yako vizuri kabisa unaweza kushindwa kupeleka hata herufi moja. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Baadhi ya nyaya za bei rahisi zina nyuzi mbili za umeme tu, basi. Ukitumia waya kama huo kuunganisha ESP32, bodi ndogo ya kielektroniki, ya kupimia unyevu wa shamba la mahindi Handeni, au la mkonge Korogwe, taa itawaka. Kompyuta haitaona poti yoyote. Hapo ndipo mtu hukesha akilaumu programu isiyo na kosa!

Hata waya ukiwa mzima, kasi ya mawasiliano lazima ilingane. Kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja husafiri kwa biti 10, yaani herufi 960 kwa sekunde. Hakuna uzi wa saa; kila upande hujihesabia. Pande hizo zikipishana kwa asilimia 5 tu, herufi zinaanza kuharibika. Ukiiweka kompyuta kwenye 115200 huku bodi ikibaki 9600, inasoma mara 12 haraka zaidi, na skrini inajaa alama zisizosomeka.

Bodi nyingi za Arduino Uno nazo zina vituko vyake. Ukifungua tu dirisha la kusoma ujumbe wake, hujiwasha upya na hesabu zake zinarudi sifuri.

Ukiunganisha bodi mbili, pini ya TX (ya kutuma) ya moja huenda kwenye RX (ya kupokea) ya nyingine. TX kwa TX, zote zinasema, hakuna inayosikia.

Kabla hujalipia waya dukani, unganisha nao simu yako na kompyuta, kisha ruhusu uhamishaji wa mafaili. Picha zikionekana, nunua.