Kaburi Lenye Maneno: Kweli au Si Kweli?

Mtu akiona jiwe la kaburi la Kiislamu la karne ya 9 au ya 12, lenye herufi za Kiarabu zilizochongwa kwa ustadi, aghalabu husema, "Hizi ni aya," kisha akapita. Ukizisoma herufi hizo hata kwa kusaidiwa, utakuta jina la mtu, tarehe, dua, pengine na sahihi ya fundi. Jiwe lenyewe nalo huenda limevuka bahari au jangwa. Zifuatazo ni kauli sita zinazosikika mara nyingi, na majibu yanayotolewa na mawe yenyewe.

1. "Waislamu wa kale hawakuandika makaburi, kwa kuwa dini imekataza."

Si kweli. Hadithi zinazokataza kaburi kujengewa, kupakwa chokaa na kuandikwa zipo, na wanavyuoni wamezijadili kwa karne nyingi. Hata hivyo, watu waliandika. Jiwe la Abd al-Rahman ibn Khayr al-Hajri, lililohifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Cairo, ni la mwaka 31 Hijria (652), miaka 20 tu baada ya Mtume kufariki. Naye al-Hakim wa Nishapur, bingwa wa Hadithi aliyefariki mwaka 1014, alikiri kwamba makaburi ya maimamu wa Waislamu, mashariki hadi magharibi, yalikuwa yameandikwa. Mabishano ya kifiqhi hayajaisha, ila hayafuti mawe yaliyokwisha kuchongwa.

2. "Maandishi yote ni aya za Kurani."

Si kweli. Aya zimo kwa wingi: Ayatul Kursiyyu, Sura ya Ikhlas, na zile zinazokumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti. Lakini jiwe la al-Hajri linaanza kwa Bismillahi, likamtaja mwenye kaburi, likamwombea maghufira, kisha likamgeukia msomaji: nawe usomapo, muombee na uitikie amina. Zaidi ya ile Bismillahi, halina aya. Mawe kadhaa ya Misri ya karne za mwanzo yana tamko jingine, kwamba msiba mkubwa kuliko yote uliowafika Waislamu ni kuondokewa na Mtume Muhammad. Hayo ni maneno ya rambirambi, yakimfariji mfiwa kwa msiba uliouzidi wake.

3. "Mawe hayo yalikuwa ya wanaume, hasa watawala."

Si kweli. Mojawapo ya mawe ya kale kabisa yanayojulikana ni la mwanamke, Abbasa binti Jurayj, la mwaka 71 Hijria (691), nalo liko Cairo vilevile. Makaburi ya Aswan, kusini mwa Misri, yametoa mamia ya mawe ya karne ya 9 na ya 10, na mengi ni ya watu wasiotajwa katika kitabu chochote cha historia: wake kwa waume, hata watoto. Pengine jina na nasaba zilizochongwa hapo ndizo habari pekee zilizobaki kuwahusu.

4. "Jiwe lilichongwa palepale lilipopatikana."

Si kweli daima, na hapa ndipo pana maajabu. Mwaka 1939 huko Saney, karibu na Gao nchini Mali, yaligunduliwa mawe ya marumaru yenye hati nzuri ya Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa herufi za pembe. La kwanza lina tarehe ya mwaka 494 Hijria (1100), na ni la mfalme. Umbo la herufi na mpangilio wa mistari ni vya mafundi wa Almería, Andalusia. Mawe hayo yalichongwa Uhispania, yakavushwa bahari, kisha yakabebwa na misafara kupita Sahara nzima.

Bahari ya Hindi ilikuwa na biashara ya namna hiyo. Katika karne ya 14 na ya 15, karakana za Cambay, huko Gujarat, zilichonga mawe ya marumaru kwa wateja wa ng'ambo. Kaburi la Malik Ibrahim huko Gresik, Java, la mwaka 1419, lina jiwe la Cambay, na vivyo hivyo la Malkia Nahrasiyah wa Pasai, Sumatra, aliyefariki mwaka 1428. Vipande vya marumaru ya aina hiyo vimepatikana hata Kilwa Kisiwani. Tajiri wa bandarini aliweza kuzikwa kwao chini ya jiwe lililochongwa na fundi ambaye hakuwahi kuiona nchi hiyo.

5. "Herufi za pembe ni za kale, za mviringo ni za baadaye."

Kweli kiasi. Kikufi, chenye mistari iliyonyooka na pembe kali, kilitawala kwenye mawe hadi karibu na karne ya 12, kisha naskhi na thuluthi, miandiko ya herufi za mviringo, zikashika nafasi. Lakini Kikufi chenyewe kilibadilika: ncha za herufi zilianza kuchanua majani na maua. Kwetu pwani, mtindo huo unaonekana katika mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107) yaliyochongwa kwenye matumbawe. Umbo la herufi hukadiria tu umri. Tarehe ndiyo inayothibitisha, na kwa kawaida imeandikwa kwa maneno, kuelekea mwisho wa maandishi.

6. "Mafundi hawakuweka majina, wala hawakuchonga viumbe."

Si kweli, kwa yote mawili. Mubarak al-Makki alitia sahihi mawe yake huko Misri katikati ya karne ya 9. Katika makaburi ya Ahlat, kando ya Ziwa Van nchini Uturuki, mafundi wa enzi za Waseljuki na baada yao walichonga majina yao kwenye mawe marefu, na baadhi ya mawe hayo yana vichwa vya joka juu ya maandishi.

Ukitaka jiwe moja linalovunja dhana kadhaa kwa pamoja, liko Gozo, kisiwa cha Malta. Ni la Maymuna binti Hassan, aliyefariki mwezi wa Shaabani mwaka 569 Hijria (1174), wakati Malta ikiwa chini ya Wanormani, watawala wa Kikristo. Limeandikwa kwa Kikufi, ingawa sehemu nyingi zilikuwa zimekwisha kukiacha. Upande wake wa nyuma una nakshi za Kirumi, maana fundi alilichukua jiwe la jengo la kale, akaligeuza, akachonga. Kwa hiyo unapokutana na jiwe la kaburi, soma jina na tarehe, kisha uulize limetoka wapi. Kama yawezekana, tazama na mgongo wake.